Ngao ya Usalama na Vidole vya Kiwanda cha Mbao

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ngao ya Usalama Viwandani,
Mpanda.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini ofisi nzima haijambo. Sisi huku tumenuna. Mimi ni Zefania Lyamba, msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga. Wiki iliyopita mlitulinganisha viwanda vyote kwa idadi ya majeruhi, mwenye wachache apewe ngao. Kiwanda cha mbao kikawa cha kwanza, waoka mikate wakafuata, sisi tukashika mkia mbele ya wakwe zangu. Naleta malalamiko yangu kwa adabu.

1. Watu wa mbao wanasema hawana majeruhi. Mwenyekiti, umewahi kuwapa mkono? Fundi wao Maximilian akinyanyua kiganja kuagiza chapati tano, analetewa tatu.

2. Kwetu aliyeumia hurudishwa nyumbani kwa bajaji, na wenzake humfuata na mchele wa kumpa pole. Ndiyo maana kila mtu anaripoti. Pontien aliripoti chafya ya vumbi la pumba, nasi tukampeleka nyumbani. Utu wetu huo mmeuhesabu kuwa ajali.

3. Kwa akina Maximilian, aliyeumia huwanunulia wenzake soda kwa kosa la kuwashtua. Basi huko watu huumia kimyakimya, mkono mfukoni, wakipiga mluzi.

4. Nasi tumejifunza. Tangu Jumatatu nimeleta sheria hiyo ya soda, na pole nimezifuta. Majeruhi wameisha kabisa. Mkanda wa mashine bado uko wazi vilevile, kumbe haukuhitaji kifuniko, ulihitaji nidhamu tu.

5. Kwa hiyo naomba mlinganishe upya, ngao ije kwetu. Pia hospitali ielekezwe kwamba wa kwetu wakifika, waandikwe wamejikata na jembe. Kilimo hakimo kwenye mashindano yenu, na mkulima akiumia hakuna anayeuliza.

Wasalimie wanakamati wote, hata waliotucheka. Waoka mikate nao nawasalimu, sina ugomvi nao zaidi ya ule moshi wa tanuri lao.

Ni mimi ninayedai haki kwa upole,
Zefania Lyamba

N.B. Nikiwa nakunja barua hii, mke wangu Josefina, ambaye ndiye humimina mpunga mashineni, ameniletea chai kwa mkono wa kushoto. Nikamgombeza kwa kukosa adabu. Akautoa wa kulia ndani ya kanga. Vidole viwili vimepondwa na mkanda tangu Jumatano, na amevificha ili nisikose ngao. Mwenyekiti, naona aibu, na ninaogopa. Mashine nimeizima na tunakwenda hospitali sasa hivi. Ngao mpeni mnayemtaka. Sisi tuleteeni mtu wa kufunika mkanda, na aje leo.