Komisionere wa Mbwa

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Leo nimekubali mbwa. Bilonda, mke wangu, hajakubali. Kura moja dhidi ya moja.

Sababu ziko wazi. Mi ni komisionere: mtu akitafuta nyumba ya kupanga Kolwezi, mi ndiye ninayemtembeza. Mama Florentine wa Manika, muuguzi mstaafu, ana nyumba kubwa kule Joli Site, na nimesikia anataka kuipangisha. Mama huyohuyo anaokota mbwa walioachwa. Anawatibu, kisha anawagawa kwa watu wa kuwalea mpaka wapate makao ya kudumu. Stany, komisionere mwenzangu na adui yangu, amekwisha kulea wawili. Ndiyo maana anakunywa chai kwa Mama Florentine kila Jumapili! Anazinyemelea funguo. Basi na mi nina mbwa.

Ni mweusi, mkubwa, sikio moja limechanika. Anaitwa Jeudi, yaani Alhamisi kwa Kifaransa, kwa sababu aliokotwa siku hiyo, karibu na uzio wa mgodi. Habweki. Ananitazama kama mpangaji anayetafuta ufa kwenye dari.

Mama Florentine ameniomba nimtafutie watu wema na niwaambie ukweli wote juu yake. Nimeapa. Kazi ni ileile ya siku zote, ila mteja wa safari hii halalamiki kuhusu maji.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Ushindi! Tata Kanyinda, mwenye depo ya kununua mawe ya madini kwa wachimbaji, anataka mbwa wa ulinzi. Nimemwambia Jeudi aliwahi kulinda ghala la baruti. Kwa nini baruti? Sijui. Neno lilitoka lenyewe.

Kanyinda akauliza mbona habweki. Nikamweleza kwamba mbwa anayebweka anawaonya wezi. Alifikiri kidogo, akapendezwa, akamchukua.

Nimepita mbele ya nyumba ya Stany mara tatu, nikipiga mluzi.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Jeudi amerudi.

Wezi waliingia kwa Kanyinda, wakabeba mizani na viti vya ofisi. Jeudi hakuwauma. Hakubweka. Aliwasindikiza. Asubuhi amekutwa kando ya barabara, amelala juu ya kiti kimoja walichokitupa njiani.

Nilijaribu kumwonyesha Kanyinda kwamba, ukitazama vizuri, mbwa ameokoa kiti. Hakutazama vizuri. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka: “Tata Symphorien, imbwa yako ilisindikiza bezi mpaka mu barabara sawa vile bakwe zake!”

Stany alikuwa kati ya majirani. Alicheka akiwa ameshika ukuta.

Bilonda amesema mbwa asikanyage jikoni kwake. Baadaye nimewakuta wote wawili jikoni. Yeye anasonga bukari, Jeudi anasimamia. Bilonda amesema huo ni mlango wa jikoni, siyo jikoni yenyewe.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimegundua kosa langu. Nilimuuza kama mkali, kumbe ni mpole! Nilichokosea ni tangazo, siyo bidhaa.

Baada ya ibada nimemfuata Mama Charlotte, mwalimu na sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Anaishi peke yake tangu binti yake aolewe Sandoa. Nimemwambia Jeudi ni kimya, mtulivu, na nadhani ni Mkristo. Machozi yalimlengalenga. Amempeleka nyumbani kwa mkono wake.

Sikumwambia habari ya wezi. Hakuuliza.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Jeudi amerudi.

Kumbe ana sauti! Haitumii kwa wezi, anaitumia kwa nyimbo. Kwaya ilifanya mazoezi kwa Mama Charlotte. Alipopanda noti ya juu, Jeudi akapanda naye. Wakamfungia nje. Akaimbia nje, na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Mama Charlotte ameniambia kwa upole wa kutisha: “Tata, miye nilitaka imbwa. Sikutaka ténor.”

Mama Florentine amesikia yote. Amekuja mwenyewe, hakukaa kwenye kiti. Aliuliza kama nilimwambia Kanyinda ukweli. Nikasema sehemu. Akauliza sehemu gani. Nikasema rangi.

Amesema mbwa akirudishwarudishwa, kuna siku anaacha kungoja mtu. Anaacha na kula. Ameona wawili wakifa hivyo, bila ugonjwa wowote. Jeudi akirudi tena, atamchukua na hatanipa mwingine.

Nimemjibu kwamba Jeudi hana habari ya mambo hayo. Juzi tu alikula ndakala wote wa Bilonda, vile visamaki vikavu, na karatasi waliyofungiwa.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Jeudi hajala.

Bilonda amemwekea bukari na kichwa cha samaki. Kichwa kilichokuwa changu. Jeudi amekinusa, akageuza uso ukutani. Bilonda ameketi chini karibu naye, akimenya vitunguu. Mi amenigeuzia mgongo.

Si jambo kubwa. Huenda ni joto.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Bado hajala. Nimemwimbia kidogo noti ya juu, kwa uchunguzi tu. Hakuitikia. Jirani ndiye aliyeitikia, kwa matusi.

Lakini nina mpango! Stany amejisifu mbele ya watu kwamba mtoto wake wa mbwa amepata makao Fungurume. Jumamosi anampeleka kwa Mama Falonne, mwenye mgahawa pale malori yanapoegeshwa. Mgahawa! Mifupa kila siku! Hata mbwa mwenye huzuni atakula.

Jumamosi ni ya Stany. Ijumaa haina mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Naandika nikiwa nimechoka. Nitaandika kwa mpangilio.

Dereva wa basi alimkataa mbwa. Wa pili alimkataa mbwa na mimi. Tulipanda nyuma ya gari la makaa. Tulipofika Fungurume sote wawili tulikuwa weusi, Jeudi akiwa na faida ya kuzoea.

Mama Falonne ni mnene, mwenye haraka, na anakoroga sufuria kubwa huku akisikiliza wateja watatu. Nilijitambulisha kama mkubwa wa Stany. Nilimwambia yule mtoto wa mbwa ana kasoro, hivyo ofisi imemletea huyu. Akauliza kasoro gani. Nikasema bado inachunguzwa. Akamtazama Jeudi aliyelala kwenye vumbi kama gunia. Akauliza kama huyu ndiye mzima.

Nilikuwa natafuta jibu, ndipo mtu akapiga ukelele ng'ambo ya barabara.

Alikuwa mama mwembamba, muuza mikate ya mafuta. Alikuwa amesimama, kijiko mkononi, mafuta yanatiririka kwenye kitenge. Akaita tena: “Kapita! Kapita weye!”

Jeudi aliinuka. Kamba ilichomoka mkononi mwangu na ngozi kidogo. Lori likafunga breki, dereva akatukana kwa lugha mbili. Na Jeudi, ambaye hakumbwekea mwizi hata mmoja, akabweka. Alibweka akimzunguka yule mama, akaangusha beseni, akabweka juu ya mikate. Mama akapiga magoti katikati ya mikate yake, akashika lile sikio lililochanika, akalia bila kujificha.

Anaitwa Mama Darlène, na kwake Jeudi ni Kapita. Zamani alikaa Kolwezi, mtaa ambao sasa ni shimo la mgodi. Aliniambia akiwa bado chini: “Balituambia tufungashe mu siku moya. Batu ya camion ya kubeba bintu balikatala imbwa. Nilimuambia angoje, niko narudia. Nilirudiaka, tata. Nilikuta shimo tu. Nyumba haiko, njia haiko.”

Jeudi alikuwa anakula mikate yenye mchanga. Yote.

Nilijaribu kueleza kwamba kuna utaratibu, kwamba mbwa huyu ameahidiwa mgahawa. Mama Falonne alinyanyua mwiko. Akasema kama nina akili nifunge kinywa, kisha akatuma sahani ya nyama ng'ambo, kwa mbwa. Mi sikupewa.

Nilimwambia Mama Darlène habari ya wezi, ya kwaya, ya ndakala. Yote. Sijui kwa nini. Kwenye wezi alicheka. Alisema ndivyo alivyo, anapenda kusindikiza watu.

Jeudi hakunisindikiza. Alinyanyua kichwa tu, akakirudisha kwenye mapaja ya mama.

Ndani ya basi watu walinitazama. Nilikuwa bado nimeshika kamba. Nilisema ni ya mbuzi.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Nimeenda kwa Mama Florentine kupokea sifa. Nimemsimulia jinsi nilivyofanya upelelezi wa muda mrefu mpaka nikampata mwenye mbwa. Stany alikuwepo, na chai yake. Ametoka Fungurume jana, Mama Falonne amemchukua mtoto wa mbwa na, bila shaka, amemweleza Stany kila kitu. Stany hakunifichua. Alikoroga chai tu. Nimchukie vipi mtu wa namna hiyo?

Mama Florentine alinishika mikono yote miwili. Alisema haijalishi nilifikaje, mbwa yuko kwao. Nikaona ndiyo saa yenyewe. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida, kuhusu nyumba ya Joli Site.

Akauliza nyumba gani. Mpwa wake Rachelle anakaa humo tangu mwaka jana.

Nikamtazama Stany. Sasa yeye anakuja hapa kufanya nini? Mama Florentine akajibu kwamba Stany anapenda mbwa.

Maelezo hayo siyaamini. Mtu mzima!

Bilonda ameuliza kama Jeudi alikula. Nimesema alikula. Amesema vizuri. Amesonga bukari nyingi kupita kiasi, akatazama iliyobaki, akaifunika.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Mama Florentine ametuletea mwingine. Mzee, wa kijivu, haoni kabisa, macho yote mawili. Amenishika bega na kusema: kila atakayemtaka, nianze kwa kumwambia kwamba ni kipofu. Nimeapa. Bilonda amempokea kabla sijajibu.

Nimekubali kwa sababu moja tu. Mama Florentine ana dada Likasi, na dada huyo, nimesikia, ana nyumba mbili.

Jioni Tata Merdi, muuza vipuri vya pikipiki, amepita. Anatafuta mbwa wa duka. Aliuliza kama huyu ni mkali. Nimemwambia ni zaidi ya mkali, ni mwenye haki. Tajiri, maskini, polisi, shemeji wa mwenye duka, kwake wote ni sawa. Hatazami sura ya mtu.

Merdi ameguswa sana. Anakuja kumchukua kesho.

Na sikusema uongo hata mmoja.