Mstari Mmoja Uliomeza Ukoo wa Sanga

Duniani kuna watu waliofuta ubao, waliofuta vumbi na waliofuta machozi. Jofrey wa Njombe ndiye pekee aliyefuta ukoo mzima wa Makete, tena kabla chai haijapoa!

Alikuwa akimchumbia Beatha, binti wa mzee Ezekia Sanga, Mkinga wa Makete mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Makambako. Mzee alikuwa akiandaa mkutano wa ukoo. Beatha alikuwa amezunguka vijiji vya Makete katika baridi ya kung'oa meno, akimpiga kila ndugu picha ya beji. Picha zikaingia kwenye kompyuta ya dukani, kila moja na jina lake: "001-Aloyce-Sanga", "002-Consolata-Sanga", na kuendelea.

Sasa mzee alitaka namba ziondoke, yabaki majina tu. Beatha akaanza kubadilisha moja moja.

"Moja moja?" Jofrey akacheka. "Beatha, huko ni kupalilia shamba la chai la Lupembe kwa kijiko! Mimi natumia rejeksi. Mstari mmoja, kwisha!"

Mzee akavua miwani. "Rejeksi ni dawa ya nini, kijana?"

"Ni alama, baba. Unaiambia kompyuta: kila jina lenye umbo hili, kata hapa, bakiza pale. Picha zote zinatii kwa pamoja kama mgambo kwenye kwata!"

"Haya. Ukiweza hilo, mwambie mshenga wako aje Jumamosi."

Jofrey akaumuka kama andazi!

"Jaribu kwanza," nikamnong'oneza. Mimi ni rafiki yake, niliyeletwa kushuhudia ushindi.

"Nimeshajaribu jana kule Njombe!"

Kweli alijaribu, kwa picha tatu za wenzake wa kazini: Hilario Mgaya, Telesia Mligo na Kefa Ngole. Mstari wake ulikata kila kitu hadi kwenye kistari cha mwisho. Zikabaki Mgaya, Mligo na Ngole, safi kabisa! "Watu wazito huitwa kwa jina la ukoo," alijisifu.

Wasomaji wa Makete, naona mmeshashika vichwa. Subirini!

Kompyuta ina adabu. Ikiona majina mawili yanafanana, huuliza kwanza kama ifute picha ya zamani. Jofrey akaongeza herufi moja ya kuikataza isimwulize maswali. Nakala? "Nakala ni za waoga!" Na kadi ya kamera alikuwa ameifuta asubuhi ile, eti kwa usafi.

Akabonyeza, kidole kimenyooka kama cha askofu anayebariki.

Kwenye folda likabaki faili moja tu. Jina lake: Sanga.

"Wengine wako wapi?" Beatha akauliza.

Jofrey akausoma upya mstari wake. Aloyce alikuwa amegeuka Sanga. Consolata naye akageuka Sanga, akamfuta Aloyce. Wa tatu akamfuta Consolata. Ndugu kwa ndugu wakamezana hivyo hivyo, mpaka wa mwisho!

"Na huyo wa mwisho ni nani?" mzee akauliza. "Fungua."

Jofrey akaanza kutokwa jasho. Makambako, mwezi wa sita, jasho! "Baba, si lazima sana..."

"Fungua!"

Kioo kizima kikajaa Jofrey, ndani ya suti, meno yote nje. Kumbe alikuwa ameichomeka picha yake kwa siri mwishoni mwa folda na kuiita "Mkwe-wa-Sanga", ili mashangazi waanze kumzoea!

"Hiyo suti ni yangu," nikasema, na wala sikuwa nimeulizwa.

Beatha alitaka kulia kwa kazi yake iliyopotea, lakini kicheko kikamtangulia. Akakalia mfuko wa saruji, akajishika mbavu.

Mzee hakucheka. "Kwa hiyo ukoo wangu wote, tangu mababu, umebaki wewe."

"Baba, nitapanda Makete mwenyewe! Nitawapiga picha upya, nyumba kwa nyumba!"

"Utapanda kesho. Na mshenga asije."

"Hata nikirudi nazo zote, baba?"

Mzee akavaa miwani yake, akagonga kioo cha kompyuta pale penye jina.

"Si umeandika mwenyewe? Wewe sasa ni Sanga. Na katika nyumba hii, Sanga haoi Sanga."