Hitima ya Kupata Umeme wa Jirani

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Bei ya umeme imepanda tena. Hawakuuliza mtu. Nilisikia redioni wakati nanyoa ndevu, nikajikata kidevuni. Damu ya kwanza ya vita hivi imemwagika, na ni yangu.

Nimeapa. Kampuni ya umeme haitapata kwangu hata faranga moja zaidi ya mwezi uliopita. Mimi Yunus, muuza vitenge wa Nyalukemba, mjukuu wa wafanyabiashara wa Uvira waliotembea nchi nzima kwa miguu bila balbu, sitatishwa na mita yenye ukubwa wa kopo la maziwa.

Hatua zimechukuliwa papo hapo. Balbu ya sebuleni imetoka. Ya uani imetoka. Ya chooni imetoka pia. Binti yangu Bintu akauliza ataonaje njia ya chooni usiku. Nikamwambia njia haijahama.

Mke wangu Salwa alinyamaza mpaka nilipoitazama friza. Hapo akaja kusimama mbele yake. Friza ni yake, aliinunua kwa zamu yake ya likelemba, michango ya wanawake wa barabara yetu, na anauzia humo samaki. Wiki hii imejaa mpaka kwenye mfuniko, samaki walioagizwa na Maman Domitille, kiongozi wa kwaya, ambaye binti yake anaolewa Jumamosi. Samaki wakifika wazima, kwaya nzima itanunua kwa Salwa. Wakiharibika, hakuna atakayenunua kwake hata sambaza, dagaa wa ziwani. Alinieleza hayo polepole, kama anayeongea na mgonjwa.

Kwa jirani yetu Placide taa zinawaka mpaka kwenye mti wa parachichi. Ana paneli za jua juu ya bati. Anafanya kazi kwenye shirika fulani la maji, anavaa soksi hata Jumapili. Simpendi.

Jumanne, tarehe 9

Wazo zuri sana asubuhi. Friza iliyojaa inahifadhi baridi yake yenyewe! Kwa nini basi tuilipie baridi ambayo tayari imo ndani? Salwa alipoondoka kwenda sokoni niliichomoa, nikaifunika blanketi mbili na zulia la wageni la kuswalia. Mita ikatulia. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Tatizo ni kwamba mtu mwenye akili lazima akague kazi yake. Niliinua mfuniko kuona kama baridi bado ipo. Ilikuwepo. Baada ya muda nikakagua tena. Kisha tena. Kila nilipokagua ilikuwa imepungua kidogo, kwa hiyo nikawa nakagua mara nyingi zaidi. Saa sita samaki wa juu walianza kuinama nikiwashika.

Salwa amerudi. Ameona zulia. Sitaandika yote aliyosema, maana mengine yalimhusu mama yangu. La mwisho alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi: “Papa Bintu, ukigusa tena hii congélateur, mi nabeba yo na mutoto, tunaenda kwa Salima ku Bagira.” Salima ni dada yake. Ana vyumba viwili na mdomo wa watu sita.

Uniti za mita zilikuwa karibu kwisha. Salwa akanunua kidogo kwa pesa zake za samaki. Kwa bei mpya! Nyumbani kwangu! Nilikwenda kukaa nje.

Jumatano, tarehe 10

Sijashindwa. Nimegundua kitu ambacho kimekuwa mbele ya macho ya Bukavu nzima, na hakuna aliyekifikiria.

Ng'ambo ya barabara kuna matanga kwa Maman Eulalie, amefiwa na shemeji yake. Asubuhi nilikwenda kutoa pole. Taa kila mahali, spika, friji ya vinywaji. Lakini nilijua kwamba Maman Eulalie hana umeme tangu wiki jana. Nikafuata waya kwa macho. Zinatoka kwa majirani! Rallonge moja, waya mrefu wa kuvutia umeme, kutoka kwa fundi viatu, nyingine kutoka kwa mwalimu, na ndefu kuliko zote imetoka kwa Placide. Ndivyo ilivyo kwetu. Nyumba ikiwa na matanga au sherehe, jirani anavuta waya anakupa umeme, wala hakuna wa kukataa au kudai malipo. Anayekataa atazikwa na nani?

Kwa hiyo ninachohitaji ni marehemu tu.

Nimempata. Ami yangu Tambwe, aliyefia Kamanyola miaka mingi iliyopita, Mungu amrehemu. Nitamsomea hitima. Kweli alishasomewa tatu, lakini dua haina kiwango. Nimetangaza barabarani kwamba kisomo kitakuwa Ijumaa, inshallah. Nimetia mkazo kwenye inshallah. Ijumaa ikifika nitasema mwalimu wa kisomo anaumwa, tutasogeza mbele, kisha mbele tena. Rallonge itabaki hapo mpaka bei ishuke.

Salwa aliuliza kwa nini Ami Tambwe, na kwa nini sasa. Nikamwambia nimemwota. Akanitazama sana.

Alhamisi, tarehe 11

Placide amekuja mwenyewe, amevaa soksi, na rallonge begani. Nilikuwa nimejiandaa kumshawishi, nikawa nimetayarisha mpaka machozi. Hakuhitaji. Aliniambia: “Pole sana, voisin. Mutu iko na matanga, namna gani utamunyima courant?” Nikataka kumweleza kwamba hitima si matanga, kisha nikaona hayanihusu. Akaniletea na sukari, kilo moja. Mtu mwenye paneli zote zile!

Aliomba jambo moja tu. Betri zake zinabeba taa, redio na friza, visiongezwe vitu vizito. Nikaahidi kwa mkono kifuani.

Friza inanguruma kwa jua la Placide. Samaki wamekuwa mawe tena. Uniti alizonunua Salwa zimekwisha saa nane mchana, mita ikaonyesha sifuri, na sikujali. Nilileta kigoda nikakaa mbele yake. Sifuri nzuri, imetulia. Salwa alipita akaangalia samaki, akagonga mmoja kwa ukucha, na kwa mara ya kwanza wiki hii akaniuliza kama ninataka chai. Nikanywa vikombe viwili. Nilimpenda sana mke wangu leo.

Maman Eulalie amenipongeza kwa kumkumbuka ami. Anasema amempigia simu binamu yake wa Kamanyola kumweleza. Kamanyola ni kubwa, nadhani.

Ijumaa, tarehe 12

Kamanyola si kubwa.

Kabla ya swala ya Ijumaa basi dogo limesimama mlangoni. Wa kwanza kushuka ni binamu yangu Abdulhamid, mtoto wa kwanza wa marehemu, amevaa kanzu, uso umekunjamana. Hakunipa mkono. “Hitima ya baba yangu, na mi nasikia ku telefoni ya batu?” Nyuma yake akashuka shangazi Sikujua, kisha wajomba, wake zao, kinyozi wa ukoo, na mwalimu. Walikuja na mwalimu wao. Sikuwa na wa kumsingizia ugonjwa.

Nilimwambia Abdulhamid kwamba nilitaka kumshangaza. Alisema ameshangaa.

Watu wa hitima wanakula pilau. Mchele haukuwepo. Pesa za mfukoni mwangu ziliishia kwenye nyama na gunia la makala ya kupikia, ambayo nayo yamepanda bei, sijui nitapigana na wangapi. Ikabidi nimwombe Salwa. Akatoa pesa zake zote za samaki bila neno, kwa sababu wageni ni wageni. Niliona aibu. Kidogo.

Nitakubali jambo moja. Walipoanza kusoma, wote pamoja, sauti zikajaa uani, na Abdulhamid akalia waziwazi kama mtoto. Ami Tambwe ndiye aliyeninunulia baiskeli yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeisahau. Nikalia na mimi, na hayo hayakuwa machozi niliyomtayarishia Placide.

Lakini Kamanyola hawana umeme tangu mvua za mwisho, na watu waliokaa gizani wakiona tundu la umeme hawajizuii. Simu zilichomekwa mpaka zikawa rundo. Nikavumilia. Kinyozi akachomeka mashine yake akaanza kunyoa wajomba chini ya dirisha. Nikaguna tu. Nikageuka kuwagawia watu maji, na niliporudi shangazi Sikujua alikuwa ametoa kwenye mzigo wake jiko la umeme la sahani mbili, zawadi ya mwanawe wa Bujumbura, halijawahi kuwaka tangu aletewe. Akanieleza kwa upole: “Makala iko bei sana, mutoto yangu. Tupike ku courant.” Ukweli ni kwamba hayo ya bei ni maneno yangu mwenyewe.

Akalichomeka. Kutoka kwa Placide ulisikika mlio mmoja mfupi. Kisha harufu. Redio ikanyamaza, mashine ya kinyozi ikanyamaza na mjomba mmoja kichwa nusu, na friza ikatetemeka ikafa.

Salwa alikuja kwangu pembeni. Hakupiga kelele. Alisema kibanda cha uniti kiko hapo kona, nichukue hata kitenge kimoja dukani nikaweke rehani, ninunue kidogo, cha kufikisha kesho asubuhi tu. “Papa Bintu, leo tu. Samaki si yetu.”

Niliwatazama samaki. Nilimtazama yeye. Nilikuwa nimeshaanza kutembea, naapa. Kisha nikaikumbuka ile sauti ya redioni, jinsi ilivyotangaza bei kwa furaha kama inatangaza mechi, na miguu ikakataa. Nikamwambia hapana. Tukilipa leo tutalipa milele. Mtu lazima asimame mahali.

Salwa alinitazama kana kwamba nimeshuka na mimi kwenye lile basi na hajaambiwa jina langu. Akafunga kitenge kiunoni, akaenda.

Jumamosi, tarehe 13

Nilipoamka uani kulikuwa na moshi na harufu ya limau. Salwa, shangazi Sikujua na wanawake wote wa Kamanyola walikuwa wamewasha makala yaliyobaki wakakaanga samaki wote kabla hawajaharibika. Makala yangu. Hakuna aliyeniomba.

Waliwapeleka kwa Maman Domitille kwenye mabeseni yaliyofunikwa majani ya mgomba. Nasikia wageni wa harusi waligombania vichwa. Nasikia kwaya imeshaagiza tena, kwa Salwa, na safari hii wanawataka wakiwa wamekaangwa. Nayasikia haya yote kwa Maman Eulalie, kwa sababu Salwa haongei na mimi.

Saa tano lori dogo lilikuja kuchukua friza. Wajomba walisaidia kuipakia, wakiniuliza mimi washike upande gani. Bintu alipanda mbele na begi la shule. Salwa alinipa ufunguo wa jikoni mkononi, akasema kwa Salima umeme unalipwa na hakuna aliyekufa. Aliongeza kwamba hahitaji kuombwa msamaha. Siku nitakaponunua uniti, niwashe balbu ya sebuleni, nimpigie simu, atarudi na mtoto jioni hiyohiyo. Hilo tu. Nikamwambia anatumiwa na kampuni bila kujua.

Abdulhamid aliniaga kwa kunikumbatia. Anasema hitima tatu za kwanza hazikuwa na watu wengi hivi.

Placide alikuja kukunja rallonge yake, polepole, kati ya kiganja na kiwiko. Kile kifaa kinachotoa umeme kwenye betri kimeungua. Aliuliza kama naweza kuchangia chochote kwenye matengenezo. Nikamjibu kwamba marehemu hadaiwi. Alitikisa kichwa, akasema tena pole. Soksi nyeupe, kwenye matope yote yale.

Jumapili, tarehe 14

Leo nimekwenda mpaka kibanda cha uniti. Naandika hili ili isije ikasemwa kwamba sina moyo. Nilisimama kwenye mstari. Nilikuwa nimefikiria mpaka neno la kumwambia Salwa kwenye simu, neno zuri, sitaliandika. Zamu yangu ikafika. Kijana wa kibandani akaniuliza nataka za kiasi gani, nikamuuliza kwanza bei, akaitaja. Hakuona haya hata kidogo. Nikamwambia anifikishie ujumbe kwa wakubwa wake. Akasema yeye pia anauza sabuni, je, nataka sabuni. Nikarudi nyumbani.

Chakula cha mchana, mkate na sukari ya Placide. Hakuna anayegonga mlango. Viatu vya Bintu vya plastiki viko uani vimeelekea nje.

Jioni nilileta kigoda nikakaa mbele ya mita mpaka sikuweza tena kuiona. Haijasogea. Siku nzima haijasogea! Hakuna balbu, hakuna friza, hakuna pasi, hakuna mtu anayeuliza njia ya chooni. Nimefanya hesabu kichwani mara mbili na jibu ni lilelile. Tatizo halikuwa bei. Tatizo lilikuwa wao wawili. Bila Salwa na Bintu nyumba hii inajiendesha bure kabisa.

Kesho nitampigia Salwa nimweleze. Atafurahi sana.