Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Juni
Goti la kulia limevimba. Siri yangu na mke wangu. Sista, msimamizi wetu sisi wahudumu wa afya, ametangaza: Alhamisi anatukagua nyumba kwa nyumba. Mwenye mguu mbovu atahamishiwa zahanati, akakae dirishani kugawa kadi. Wagonjwa wangu apewe Upepo! Mhudumu mwenzangu huyo kutwa mbio. Humuuliza mgonjwa kama amekunywa dawa huku ameshageuka. Mama wa ghorofa ya nne je? Baada ya kiharusi ni mimi niliyemfundisha kuinua mguu hadi akasimama. Simwachi ng'o.

Jumanne, 4 Juni
Mbinu ya kukwepa ngazi: kikapu, na kamba niliyoazima kwa fundi viatu wa pale chini. Mimi chini, Mama anavuta, kipimo cha presha kinapanda, anajipima. Akili hizo! Mama akachungulia dirishani, akanitangazia presha yake kwa sauti ya mnadani. Muuza nyama wa mtaani akampigia kelele apunguze chumvi. Fundi viatu akajigamba kwamba yake ni kubwa zaidi. Siri ya mgonjwa, kwisha habari yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kikapu kilirudi na kipimo, pamoja na chupa yake ya dawa ya kuchua. Kumbe anajua.

Jumatano, 5 Juni
Nilipanda kuomba radhi. Kila ngazi, aah! Mama alininunia kwanza. Kisha akasema presha si neno. Anachongoja wiki nzima ni mtu atakayevuta kiti akae. Machozi yalinilenga, nikasingizia dawa ya kuchua. Akaniamuru niinue mguu kama nilivyomfundisha. Mkali kuliko Sista.

Alhamisi, 6 Juni
Nilipanda alfajiri ili Sista anikute juu, nimetulia. Alinikuta, akanisifu, akasema tushuke wote. Lo! Nikadai nimebakiza somo. Alipoondoka nikashuka kwa makalio, ngazi moja moja. Ghorofa ya pili nikamkuta Upepo, katoka kwa mgonjwa wake, naye kwa makalio! Akakiri: hukimbia kwa sababu akisimama goti linakakamaa, na hakai kwa wagonjwa kwa sababu akikaa hainuki. Maskini ya Mungu. Nami miaka yote namsengenya. Tulimalizia ngazi tumeshikana.

Ijumaa, 7 Juni
Mkutano zahanati. Sista alisema kwa upole kwamba hata yeye magoti yanamtesa, na tangazo lake lilikuwa kosa. Mwenye maumivu anyooshe mkono. Atatibiwa, wala hatanyang'anywa mgonjwa hata mmoja.

Upepo akanitazama. Nikamtazama. Mikono mifukoni. Nikajitolea hata kuwaonyesha wenzangu namna ya kuchuchumaa, nionekane mzima.

Wenzetu wameshakwenda. Mimi bado niko chini. Niliwaambia nakagua sakafu. Upepo alibaki kunisaidia kukagua, naye amekaa. Mlango wa Sista uko pale, naye yumo. Kumwita mara moja tu kunatosha. Hatumwiti! Nimempigia fundi viatu simu, alete ile kamba ya kikapu atuvute. Afanye haraka. Saa kumi Mama ananingoja, na najua kiti ameshanivutia.