Nusu Sahani kwa Bi Mwanahawa

Jumatatu, 3 Julai 2023

Habari kubwa. Fainali ya kombe la Nane Nane ni timu ya Kasulu na timu ya Kakonko, kwa hiyo mwamuzi wa kati lazima atoke kwetu Kibondo. Tuko wawili tu: mimi na Ildefonsi. Mtihani wa mbio ni Kasulu, Jumamosi ya wiki ijayo. Nimepuliza filimbi kwenye viwanja vya vumbi tangu nina kiuno. Fainali hii ni yangu.

Nikapima uzito duka la dawa. Kilo mia na mbili. Muuzaji akaniambia niweke mzigo chini kwanza. Sikuwa na mzigo.

Chanzo nakijua. Mwenye nyumba wangu, Mzee Isihaka, ambaye pia ni mwenyekiti wa mtaa, amepiga marufuku majiko vyumbani tangu mpangaji mmoja aunguze dari. Kwa hiyo nakula mgahawani kwa Bi Mwanahawa, asubuhi, mchana na jioni. Bi Mwanahawa hapimi chakula kwa upawa. Anapima kwa huruma. Na mimi sina mke.

Mpango: nimwombe apunguze. Rahisi.

Jumanne, 4 Julai

Nimeomba nusu sahani. Akaniuliza naumwa nini. Nikasema siumwi. Akauliza kama biashara yangu ya vipuri vya baiskeli imelala. Nikasema inakwenda. Hakuniamini. Akaniletea ugali wa muhogo kama kichuguu na samaki mzima, mgebuka, ndani ya mawese, akasema nitalipa nikipata.

Nikala wote. Mtu akikuhurumia mbele za watu, huwezi kumrudishia sahani.

Ildefonsi alikuwa meza ya pili. Alikula sahani mbili, akaomba na ukoko. Mwembamba kama spoki! Mungu ana wapenzi wake.

Jumatano, 5 Julai

Mpango wa pili. Siombi tena. Naacha.

Nimekula nusu, nimesukuma sahani, nimenawa. Bi Mwanahawa alisimama pale akiiangalia sahani muda mrefu. Nilitoka haraka kabla hajapata la kusema. Ushindi!

Saa kumi nilinunua mandazi. Hayahesabiki, niliyala nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 6 Julai

Mbinu zimekomaa. Leo niliinamisha sahani mawese yajitenge. Nikanusa mchuzi kujua kama kaongeza mafuta. Nikamgeuza samaki kwa kidole, huku na huku, nitafute upande uliokauka. Chai yake ni sukari tupu, kwa hiyo nilikuja na maji yangu kwenye chupa. Kisha nikaacha nusu.

Watu walikuwa wananitazama. Mmoja akaacha chakula chake. Mwingine akaagiza yai la kuchemsha, akalimenya mwenyewe. Nilifurahi. Mji huu unaanza kujali afya, na mimi ndiye mfano.

Ildefonsi akanifuata njiani akitaka kujua kwa nini naacha chakula. Nikamwambia mambo mengine hayasemwi njiani. Siwezi kumpa mpinzani siri ya kupungua.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu, mgahawa ungejaa. Tulikuwa watatu, pamoja na Bi Mwanahawa mwenyewe. Sufuria la maharage limejaa mpaka juu. Nikamwambia angalau leo amepata kupumzika. Akafunika sufuria.

Niliacha nusu.

Jumamosi, 8 Julai

Nimeitwa barazani kwa Mzee Isihaka. Nilidhani ni kodi. Bi Mwanahawa alikuwepo, kavaa baibui la kutokea. Ildefonsi alikuwepo kama shahidi, ingawa hakuna aliyemwita.

Kumbe mtaa mzima unasema nimegundua kitu kwenye sufuria za Bi Mwanahawa! Mzee Isihaka akanieleza polepole kama anaeleza mtoto. Huku kwetu, mtu akinusa chakula, akakigeuzageuza, akaja na maji yake, kisha akaacha nusu, ameshasema sumu. Hana haja ya kufungua mdomo. Mimi ni Muha wa Muyama, jambo hili nalijua tangu nanyonya. Lakini wiki hii nilikuwa nafikiria kiuno.

Wateja wote wamehamia stendi. Mambo yakiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi, Bi Mwanahawa anafunga. Aligeuka akanitazama.

"Nestori mwanangu, miaka sita nakulisha. Ningetaka kukuua wewe, ningehitaji sahani ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu, aibu ya kweli, hata tumbo likanyamaza.

Hukumu: kila mchana nitakaa benchi la barabarani, nimalize sahani nzima watu wakiona, mpaka wateja warudi. Bi Mwanahawa ataonja kwanza mbele yangu, kama mwenye pombe anavyoonja kabla ya mgeni. Ildefonsi akapendekeza na jioni pia. Haikupita.

Mtihani umebaki wiki moja.

Jumapili, 9 Julai

Kutoka kanisani moja kwa moja benchini. Bi Mwanahawa alionja kijiko kimoja, akafidia kwa upawa. Nikamaliza. Watu walisimama na baiskeli zao wakitazama, kama vile naaguliwa. Mama mmoja akamwambia mwenzake kwamba huyu kashapewa dawa ya kuzuia sumu, ndiyo maana anakula bila wasiwasi.

Bi Mwanahawa akasikia. Akaniletea sahani ya pili.

Jumanne, 11 Julai

Mpango wa tatu. Mbwa wa fundi cherehani wa jirani hulala chini ya benchi. Nikawa nampitishia matonge kwa mkono wa kushoto. Juu watu wanaona sahani inaisha, chini mbwa anafanya kazi. Nilijipongeza.

Sikufikiria upande wa mbwa. Hajawahi kushiba tangu azaliwe. Leo alishiba. Akajikokota mpaka juani, akajilaza ubavu katikati ya njia, miguu imekakamaa, ulimi nje. Mtu akasema mbwa amekufa, na alichokula ni chakula cha Nestori.

Watu wakajaa. Bi Mwanahawa alikaa chini palepale, mwiko mkononi. Nilitaka kumtetea. Lakini nikisema nilimpa mbwa chakula mimi, nimevunja hukumu. Nikasimama na mdomo wazi, tonge mkononi. Sijipendi nikikumbuka.

Fundi cherehani akamwagia mbwa ndoo ya maji. Mbwa akainuka, akajikung'uta, akarudi chini ya benchi, akaweka pua yake kwenye goti langu akisubiri tonge. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi. Wawili wakaagiza chakula papo hapo, wakisema mbwa ni shahidi asiyejua uongo.

Mzee Isihaka hakucheka. Amerekebisha hukumu: mchana na jioni, mikono yote miwili ionekane. Ildefonsi akawakumbusha kwamba yeye alishapendekeza.

Ijumaa, 14 Julai

Mgahawa umejaa. Watu wanakula wamesimama. Bi Mwanahawa alinishika mkono kwa mkono wake wenye unga, akasema nimemrudishia jina lake. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Nusura nilie, lakini nilikuwa natafuna.

Hukumu imeondolewa. Amenifungia chapati kumi za safari na kuku nusu. Anasema mtu hakimbii na njaa.

Duka la dawa: kilo mia na tano. Muuzaji hakusema kitu. Alinifungulia mlango.

Jumamosi, 15 Julai

Kasulu. Basi la alfajiri. Chapati ziliisha kabla ya Makere. Kuku alinifikisha stendi.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa vizuri. Wa pili nikaanza kuwaona ndugu zangu marehemu, wakinipungia mkono kutoka upande wa goli. Wa tatu sikuuona. Nilizinduka kivulini, msimamizi akinipepea kwa kofia. Ildefonsi alikuwa amemaliza mizunguko yote na anauliza chakula kinapatikana wapi.

Ildefonsi ndiye mwamuzi wa kati. Mimi wamenipa mwamuzi wa akiba: kukaa kwenye kiti nje ya mstari. Nitaingia tu endapo mwamuzi wa kati atashindwa kuendelea. Niliwashukuru. Iliniuma sana. Kwenye basi Ildefonsi alinigawia nusu ya mkate wake na kuniambia mwaka ujao Mungu yupo. Niliuchukua, lakini sikumtazama.

Jumapili, 16 Julai

Nimeamka na maneno yale. Endapo mwamuzi wa kati atashindwa kuendelea.

Nimefikiri kwa makini. Ildefonsi hanizidi mapafu. Anabebwa na sahani mbili za kila mchana. Akila nusu tu mpaka Nane Nane, dakika ya sitini magoti yatalegea, na nani yuko kwenye kiti?

Baada ya misa nikamvuta pembeni. Nikamwambia kwa upole kwamba watu wa Kasulu wanalitaka kombe hili kufa na kupona, na mwamuzi anayekula mahali pamoja kila siku ni rahisi kufikiwa. Kwamba ningekuwa yeye, ningenusa kwanza. Sikumtaja Bi Mwanahawa hata kidogo. Siwezi kumchafulia jina yule mama baada ya yote aliyonitendea. Ildefonsi alishtuka sana. Akaapa hatamwambia mtu yeyote, labda mke wake.

Mchana akanusa mchuzi. Akamgeuza samaki. Akasukuma sahani zote mbili. Mpango unafanya kazi! Nikazimaliza mimi, chakula kisitupwe. Watu wa meza ya jirani walinyanyuka bila kumaliza, watakuwa na haraka.

Bi Mwanahawa akaja mpaka mezani, anafuta mikono, akaniuliza taratibu kama samaki wa leo ana kasoro. Nikamwambia hana kasoro yoyote, aniongezee kidogo. Nane Nane bado wiki tatu, muda wa kupungua ninao.