Ndoo ya Nyuzi Ishirini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata akili! Miezi minne sasa tangu niajiriwe hapa kituo cha utafiti wa bahari, na kila asubuhi ni yale yale. Nashuka ngazi sabini na mbili hadi gatini, nachota maji ya bahari, napima joto, naandika kwenye daftari, napanda ngazi zile zile. Magoti yananilaani. Leo nimechota ndoo nzima na kuihifadhi stoo, chini ya rafu, penye kivuli. Maji ya bahari ni maji ya bahari, yakae gatini au yakae stoo. Gatini yalikuwa nyuzi ishirini na tisa. Stoo, baada ya chai, ishirini na saba. Nimeandika ya stoo, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Nashangaa hakuna aliyewaza jambo hili kabla yangu.

Jumatano, 5 Machi

27.

Mzamiaji wetu, tunayemwita Pezi kwa ukubwa wa miguu yake, amelalamika wakati wa chai kwamba bahari imechemka, anatoka jasho akiwa ndani ya maji. Nikamjibu kwamba daftari halitoki jasho. Watu wakacheka. Pezi hakucheka. Mkuu wa kituo akasema anapenda takwimu tulivu kama zangu, na kwamba ile meza ya dirishani yenye feni bado haina mwenyewe. Pezi akaitazama. Nami nikaitazama.

Shemeji ndiye aliyeniharibia chai. Ni mdogo wa mke wangu, ndiye aliyenitafutia kazi hii, na ndiye mlezi wa kitalu cha matumbawe: vipande mia sita, amevilea miaka minne juu ya meza za chuma baharini. Aliniuliza taratibu kama nina uhakika na vipimo. Bahari zinazidi kupata joto kila mwaka, alisema. Samaki anaweza kuhama, tumbawe haliwezi. Nyuzi thelathini zikifika siku tatu mfululizo, lazima meza zishushwe kwenye maji ya kina, ambako kuna ubaridi. Nikamwambia alale usingizi wa pono.

Roho ilinisuta kidogo. Nikaipa biskuti.

Ijumaa, 7 Machi

27 na nusu. Hiyo nusu nimeibuni mwenyewe, maana namba isiyotikisika huanza kuulizwa maswali. Mkuu ameisoma kwa sauti mbele ya wote na kusifu umakini wangu. Nimepewa meza ya dirishani! Pezi hajanisalimia tangu saa nne. Feni inavuma vizuri, ila inapeperusha kurasa za daftari, kila mara inanifungulia ukurasa wa wiki hii. Nimeuwekea jiwe.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kufuta kwenye kalenda.

Pezi ameleta picha alizopiga kitaluni. Matumbawe yote meupe pee. Mimi, mbele ya watu, nikampongeza Shemeji kwa jinsi yalivyotakata. Hakuna aliyecheka. Shemeji akanieleza kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, kwamba tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake huishi vijimea vidogo vinavyomlisha na kumpa rangi. Joto likizidi huvitema, akabaki mweupe na mwenye njaa. Ukipita muda bila maji kupoa, hufa.

Pezi akatoa kipimajoto chake mwenyewe. Thelathini na moja, wiki nzima.

Macho yote kwenye daftari langu. Mkuu akasema lazima kipimajoto cha kituo ni kibovu. Na mimi nikasema nini? Nikasema hata mimi nilikuwa nimeanza kukitilia shaka. Kimetupwa kwenye pipa mbele yangu, kipimajoto kizima, kisicho na kosa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila tuko ghorofani.

Jumanne, 11 Machi

Tumeshusha meza kutwa nzima. Mimi nilishika kamba. Shemeji alizama, akaibuka, akazama tena, hadi Pezi alipomvuta kwa nguvu apumzike. Alikaa gatini na kipande kimoja kiganjani, akikitazama tu. Alinitajia siku aliyokipanda. Anazikumbuka zote.

Jioni amekuja kwetu, hakugusa chakula. Mke wangu akaniuliza mdogo wake ana nini. Nikasema, bahari. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wa kwetu anakula janga peke yake, na mimi nimeongeza sahani ya pili. Sijui nimeumbwa kwa kitu gani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua kusema kweli. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara tatu, mara ya tatu nikalia vizuri sana. Nikamfuata Shemeji maabara. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Nilianza kukushuku wewe, kumbe kosa ni la kifaa."

Nikamsamehe.

Ndiyo. Nilimsamehe! Nikamwambia yaishe, sisi ni ndugu. Nimerudi nyumbani, nimejifunika shuka hadi kichwani saa kumi za mchana, na nastahili kubaki humo.

Jumamosi, 15 Machi

Stoo imeanza kunuka. Shemeji akafuata harufu. Nilimkuta amechutama mbele ya ndoo yangu, ametumbukiza kipimajoto kipya. Sikuhitaji kuuliza kinasema ngapi.

Hakupaza sauti. Aliibeba ndoo mwenyewe, akaimwaga, akaisuuza, akaifunika. Mimi nilisimama kama mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani.

"Vimebaki vipande arobaini na moja," akasema. "Nimevileta kwenye tangi la maji baridi, chumba cha chini, pale gatini. Kuanzia Jumanne utavikagua wewe, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kimoja kimoja kwa lenzi. Tangi likipata joto, vinakwisha. Mkuu sijamwambia. Dada sijamwambia."

Nikauliza kwa nini ananiamini.

"Sikuamini," akasema. "Nataka uvione."

Heri angenipiga. Nimeapa kwa kila kitu ninachoweza kuapia. Nimemwachia Pezi meza ya dirishani, na nikamwamkia kwanza. Hii aibu nitakufa nayo.

Jumanne, 18 Machi

(Naandika Jumatatu alasiri, ili kesho nisiwe na haraka.)

Nimeamka alfajiri. Nimeshuka ngazi zote sabini na mbili, na magoti hayakusema kitu. Nimekagua vipande vyote kwa lenzi, kimoja kimoja. Arobaini na moja, vyote hai, rangi inarudi. Tangi ni baridi kama linavyotakiwa. Shemeji alikuja akasimama nyuma yangu, akanitazama kwa muda mrefu, akasema sasa anaona nimebadilika. Machozi yakanitoka. Nilimwonea aibu sana yule mtu niliyekuwa.