Askofu Asitembee Upande

Jumatatu, 2 Juni 2003

Kathini ameleta fomu ya shule. Mashindano ya chess, huko Kajiado, kulala siku mbili! Mtoto wa darasa la saba! Blanketi ikianguka usiku, nani atamfunika? Sikukataa. Mimi si mjinga. Nikamwambia anishinde kwanza, ndio niweke sahihi.

Akatoa ubao wa katoni na vifuniko vya soda ameviandika kwa biro: mfalme, malkia, farasi, askofu, mnara, na askari wadogo wengi. Akanifundisha. Akanimaliza kabla chai haijapoa. Nikasema hiyo ilikuwa ya kujifunza tu. Sasa anishinde jioni tatu mfululizo, na kila jioni mimi natunga sheria moja mpya. Akakubali, ila sheria iwe inabadilisha kitu kweli. Isipobadilisha, nimeshindwa. Haya! Sheria kwangu zimejaa.

Jumanne, 3 Juni

Askofu wao anatembea upande upande kama mlevi. Mimi ni mtu wa kanisa! Sheria: askofu atembee moja kwa moja. Kathini akacheka, akasema basi askofu amekuwa mnara, na sasa yeye ako na minara minne. Ikanifunga kila mahali. Hata mfalme wangu hakuwa na pa kukaa.

Jumatano, 4 Juni

Leo nilifikiria nikifua. Sheria: askari ni watoto. Hakuna mtoto kuvuka katikati ya ubao bila mtu mzima kando yake. Hapo nilijua nimemshika.

Wangu wote wakakwama, kwa sababu malkia wangu nilikuwa nimemficha nyuma. Kathini akawapeleka wake mmoja mmoja, farasi kando, pole pole, hakuacha hata mmoja. Nikajisikia vizuri sana kuona vile anachunga watoto. Halafu nikakumbuka nimeshindwa.

Alhamisi, 5 Juni

Jioni ya mwisho na kichwa kimekauka. Nikasema sheria ni ubao ugeuzwe, aliyekaa mlangoni akae dirishani. Kathini akasema hiyo haibadilishi kitu. Tukabishana. Parsaoti, mwenye ploti tunayopanga, alikuwa amekuja kuangalia tangi la maji, nikamwita aamue. Akachuchumaa, akaangalia vifuniko muda mrefu. Akasema, Mama Kathini, hii ni ng'ombe ile ile, umeizungusha tu boma. Baba Kathini akamwambia akae anywe chai, ameongea vizuri. Wanaume!

Nikauliza kama basi sheria zimeisha. Kathini akasema haziwezi kuisha. Unaongeza ubao chumba kimoja, mraba mmoja tu, kila siku, farasi anapata njia mpya, mchezo unakuwa mwingine, mpaka milele. Roho ikatulia! Nikachukua biro nichore hicho chumba. Akanishika mkono. Akasema, mum, sheria haziishi, lakini basi ya Kajiado ni kesho asubuhi.

Nikaweka sahihi. Chozi likaangukia jina langu, nikaliandika tena juu yake.

Ijumaa, 6 Juni

Ameenda na blanketi tatu. Baba Kathini aliuliza kama anahama. Nimeosha sufuria moja mara mbili.

Jumapili, 8 Juni

Amerudi! Mzima, na cheti cha namba mbili. Amenona hata. Kabla sijamaliza kumkumbatia, akaniambia Agosti kuna mengine, Nakuru, wiki nzima. Wiki!

Sikupiga kelele. Nikasema sawa, anishinde kwanza. Lakini si chess, hapo ndipo nilikosea. Karata. Karata nilicheza nikiwa msichana, na niko na sheria nne tayari. Baba Kathini akauliza kama sijajifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza sana, angoje aone.

Kathini akachukua karata, akazichanganya kwa mkono mmoja, bila kuangalia. Akasema kule bwenini walikuwa wanacheza kila usiku.

Sheria ya tano: hakuna kuchanganya kwa mkono mmoja.